Ruzuku ndogo ya kufundisha watoto bahari: tathmini yangu baada ya msimu mzima Pangani

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili kikundi chetu hapa Pangani kimetumia ruzuku ya shilingi milioni nane kufundisha watoto kuogelea, kusoma maji na kuendesha ngalawa. Wenzetu wa vikundi vingine, kuanzia Kigombe hadi Mkwaja, wamekuwa wakinipigia simu: Mwalimu, hiyo pesa inafaa kuihangaikia? Naandika mara moja ili kila mtu asome. Jina la mfuko silitaji, kwa sababu baadhi ya nitakayosema ni malalamiko, na watu wake walitupokea kwa heshima.

Jibu langu ni ndiyo, iombeni. Naipa nyota nne kwa tano. Ile moja niliyoizuia inahusu mzee mmoja wa hapa kwetu, na nitafika kwake.

Kwanza mjue kwa nini tuliihitaji. Pangani ni mji wa mlangoni mwa mto. Maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru yanaishia kwetu, na bahari inapokupwa mkondo wa pale mlangoni unamburuta mtu mzima mwenye nguvu zake. Huko juu mtoni kuna mamba. Ng'ambo ni Bweni, na watu huvuka kila siku kwenda na kurudi. Mgeni angedhani watoto wa mji kama huu wanazaliwa wanajua kuogelea. Wavulana wa wavuvi wanajua, kwa kujifunza wenyewe kwa wenyewe. Wasichana wengi hawajui kabisa. Nilifundisha shule ya msingi miaka 26, na kila nilipouliza darasa la tano nani anaweza kuelea dakika moja bila kushika kitu, sikumbuki mwaka ambao wasichana walionyoosha mkono walizidi wawili.

Nchi hii imezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, wa Spice Islander mwaka 2011, wa MV Nyerere mwaka 2018. Kila msiba ulipopita tulizungumza juu ya meli, wingi wa abiria na ukaguzi, na ni haki tuzungumze. Lakini sijasikia mkutano wa wazazi ukiuliza watoto wetu wanajifunza wapi kuelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wao hawakuwa melini. Walikuwa kisimani, mtoni, bwawani, ufukweni, karibu na nyumbani.

Tulianzia halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii alitusajili bila usumbufu, akatueleza mapema kwamba ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Mtoto wa miaka kumi anayejifunza kuelea hana cha kurejesha. Tukatazama pia ile programu ya ruzuku ndogo ya GEF, mfuko wa dunia wa mazingira, iliyo chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambayo ipo tangu mwaka 1992 na kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000. Hiyo imekusudiwa mazingira, na kwa kikundi cha watu kumi na mmoja kisicho na mhasibu tuliona tusijitwike tusichoweza kukibeba. Ndipo tukasikia habari za mfuko huu, unaotoa fedha kidogo kwa jamii zinazofundisha stadi za nje ya darasa.

Walitaka cheti cha usajili, katiba ya kikundi, akaunti ya benki yenye watia saini watatu na barua ya serikali ya kijiji. Hivyo vyote tulikuwa navyo. Kilichotutisha ni fomu: kurasa tisa za Kiingereza. Nikapiga simu, nikapokewa na binti ambaye baadaye nilimjua kuwa ndiye afisa miradi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii fomu ni lazima tuijaze kwa Kiingereza?"

Akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Fomu ni ya Kiingereza mama, ila hakuna mahali palipokataza Kiswahili. Andikeni, mimi nitasoma."

Simu ile ilituokolea pesa za kumlipa mtu wa kutuandikia, na maneno yakabaki ya kwetu. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, imeandikwa bamvua; mrengu, ule mti wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, umeandikwa mrengu. Nawasihi wenzangu: kabla hamjamlipa mtu wa mjini, pigeni simu muulize.

Swali gumu lilikuwa la wanufaika. Kisanduku kilitaka idadi, na mifano yao ilikuwa ya mia tano, elfu moja. Sisi tuliandika 24. Wakarudisha: mbona wachache? Tukajibu kwamba majini mwalimu mmoja anaweza kuwaangalia watoto sita, akiongeza wa saba kuna mmoja hamwoni. Sisi tuna walimu wanne. Nikaongeza kwamba Roots & Shoots, programu ya vijana ya mazingira ambayo leo iko nchi nyingi, mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Wakakubali. Msidanganye idadi ili mpate pesa, kwa sababu baharini idadi ya uongo inaweza kuua mtoto.

Sasa kuhusu kalenda. Tuliomba Agosti tukitegemea kufundisha kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, wakati bahari imetulia na maji ni maangavu. Pesa iliingia Mei. Anayeishi pwani anajua Mei ni nini: masika yamekolea, kusi linavuma, mto umejaa tope na magogo, na hakuna mzazi mwenye akili atakayekukabidhi mtoto umwingize majini. Mkataba ulisema tumalize mwezi wa kumi na moja. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja tukieleza misimu ya pepo, tukaomba muda usogezwe. Majibu yalichukua wiki tatu na yalikuwa mazuri. Lakini kikundi kisichojua kwamba kinaruhusiwa kuomba kingeingiza watoto kwenye maji ya Julai kwa kuogopa mkataba. Mfuko unaofadhili mambo ya baharini, mashambani au msituni ungeuliza kwenye fomu yenyewe: msimu wenu ni upi?

Miezi ile ya kungoja hatukuipoteza. Tulitengeneza ngalawa mbili na kununua vifaa, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila kikundi kinapaswa kulijua.

Tulinunua majaketi okozi 24 ya watoto, kila moja shilingi 42,000, dukani huko mjini. Yalipendeza: rangi ya chungwa, firimbi inaning'inia, kamba tatu za kufunga. Nahodha wetu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyashika moja moja bila kusema neno, kisha akasema, "Mwalimu, yalale majini kwanza." Tukajaza mapipa mawili maji ya chumvi, tukayazamisha majaketi yote, juu tukaweka mawe, tukaacha usiku kucha. Asubuhi tukayatoa, tukayaacha yachuruzike, tukayapima kwa mizani ya samaki na kulinganisha na uzito tulioandika jana yake. Kumi na tisa yalikuwa karibu vilevile. Matano yalikuwa yameongezeka zaidi ya maradufu. Nahodha akachukua kisu chake cha kuparia samaki akapasua moja mshononi. Ndani kulikuwa na sponji ya godoro iliyokatwa vipande, inatiririka maji kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Jaketi lile mtoto angelivaa akiamini litamwelesha, nalo lingekunywa maji pamoja naye.

Muuzaji alitubadilishia matatu, mawili akakataa. Nilimpigia afisa miradi nikamwambia ukweli. Akaruhusu tuhamishe pesa kutoka fungu la chakula tununue mawili mengine, akaniomba nimpelekee picha ya lile lililopasuliwa ili awaonyeshe vikundi vingine. Kwa tendo lile peke yake mfuko huu ulistahili pongezi. Nimewahi kusikia wafadhili ambao jambo kama hilo lingeandikwa kuwa hasara ya kikundi.

Disemba tukaanza. Masomo yote siwezi kuyaeleza, nitawapa mawili.

La kwanza ni la dumu. Unachukua dumu la mafuta ya kupikia la lita tano, unatia maji kidogo ndani ili lipate uzito wa kuruka, unafunga kifuniko barabara, mpinioni unafunga kamba ya mita kumi na tano. Mtoto anajifunza kulirusha kutoka nchi kavu lipite kichwa cha mwenzake aliyeko majini, kisha analivuta taratibu hadi kamba imfikie mkononi. Katika mtihani wetu wa mwisho binti mmoja wa miaka kumi na moja alirusha mara sita, zote sita zikafika. Wavulana walichelewa kulikubali somo hili kwa sababu kila mmoja anataka kujitosa. Tuliwaambia kila siku: anayezama hamjui rafiki yake, atakukumbatia mzame wote. Mrushie kitu wewe ukiwa umesimama. Ninavyojua mimi mambo ya pwani, somo hili linaokoa kuliko kuogelea kwenyewe, na dumu ni la bure.

La pili ni la maji na mwezi, na hilo alifundisha Nahodha, kwa sababu sisi wengine hatulijui kama yeye. Aliwakalisha watoto mchangani akachora mwezi kwa kidole. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana mnamo saa kumi na yanakupwa hadi kwenye miamba mnamo saa nne. Kila siku inayopita yanachelewa, karibu saa nzima lakini haifiki. Kwa hiyo mwezi ukifika siku ya saba au ya nane ni maji mafu, hayajai sana wala hayakauki, na saa zimegeuka: yanajaa mnamo saa nne. Kisha akawauliza, "Leo mwezi una siku ngapi?" Wakahesabu. "Basi niambieni maji yatajaa saa ngapi." Mtoto mmoja akajibu saa nane. Tukakaa tukangoja, na saa nane ilipokaribia maji yakaja yakafuta ule mwezi aliouchora. Watoto walipiga makofi. Sasa ukikutana na mtoto wa kikundi chetu njiani, muulize maji, atatazama juu kabla ya kukujibu.

Kulikuwa na hofu ya kina mama kuhusu mabinti zao, na sikuidharau, maana mimi mwenyewe ni mama wa binti. Tulipanga siku za wasichana peke yao, wakivaa suruali pana na fulana za mikono mirefu, na walimu wao ni wanawake wawili wa kikundi wanaolima mwani. Wanawake hawa wameshinda ndani ya maji ya kifuani kwa miaka, wakifunga mwani kwenye kamba, na hadi mwaka jana hawakujua kuogelea. Walijifunza kwanza wao, usiri usiri, alfajiri, kwa mwezi mzima. Sasa wanafundisha. Mmoja aliniambia kwamba zamani maji yakimfikia kifuani alikuwa akirudi, na kamba za mbali alikuwa akiziacha zikatike.

Sasa nirudi kwa ile nyota niliyoizuia.

Mfuko ulilipa kwa moyo majaketi, kamba, dira, mbao, turubai la tanga, kisanduku cha huduma ya kwanza. Kila kitu kinachopigwa picha kilikubalika. Lakini kanuni zao zinasema posho ya mkufunzi hulipwa mwenye cheti cha fani anayofundisha. Nahodha hana cheti. Alianza kuingia baharini na babu yake akiwa hajafika miaka kumi. Anaujua mlango wa mto huu mchana na usiku, anajua pepo kwa harufu yake, na ndiye aliyegundua sponji ndani ya majaketi. Kwenye bajeti yetu alikuwa mstari wa shilingi 15,000 kwa siku. Mstari ule ulifutwa, pembeni pakaandikwa kwamba wazee wa jamii wanatarajiwa kujitolea.

Alikuja siku 41. Siku anayofundisha ni siku asiyovua, kwa sababu maji yanayofaa kufundishia mara nyingi ndiyo yanayofaa kwa mshipi wake. Nilipomweleza kuwa pesa yake haikupita, alinyamaza akaangalia bahari, kisha akasema, "Basi watoto waje mapema, nikiwahi nitoke na maji ya mchana." Siku kadhaa aliwahi. Siku nyingi hakuwahi. Tulichanga wenyewe, elfu mbili mbili, tukimpa nauli ya bodaboda na cha kupeleka nyumbani, na najua hakikutosha. Jambo hili linaniuma hadi leo. Jaketi unaweza kulinunua popote. Anachokijua Nahodha hakiuzwi dukani, na akiondoka nacho kimekwenda.

Stakabadhi nazo zilitusumbua, ingawa kwa kadiri. Walitaka risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, kwa kila matumizi. Fundi aliyetengeneza ngalawa anafanyia kazi chini ya mwembe, mashine ya EFD hana. Shilingi 620,000 zake zilikataliwa kwenye ripoti ya nusu ya kwanza. Tuliandika hati ya malipo, fundi akasaini, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, tukaambatanisha picha za ngalawa kabla na baada, zikapita. Fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza, msingoje kukataliwa. Na mama wa uji mwandikieni daftari la kila siku, asaini siku hiyohiyo.

Machi, kabla pepo hazijageuka, tulikwenda Maziwe. Watoto walipanda mashua ya injini, na wanne waliofanya vizuri zaidi wakaja na Nahodha kwenye ngalawa. Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na wakati huo ilikuwa kisiwa chenye miti, kasa wakipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakikupwa. Kasa bado wanakuja, lakini mayai hayaponi pale, inabidi yahamishiwe ufukwe wa Ushongo kabla maji hayajayafikia. Nahodha alitembea hadi katikati ya mchanga, akasimama, akawaambia watoto kwamba akiwa kijana aliwahi kulala hapo chini ya mivinje, yeye na wenzake watatu, wakingoja upepo wa asubuhi. Mtoto mmoja akauliza, "Babu, mivinje ipi?" Hakukuwa na hata kisiki. Akamshika bega, akamgeuza upande wa bara, akamwonyesha minazi ya Ushongo kwa mbali, kisha akamwonyesha alipokuwa ameweka kichwa.

Tulikaa hadi maji yakaanza kurudi, watoto wenyewe ndio waliotuambia muda umekwisha. Walikuwa wamehesabu mwezi.

Watoto 22 kati ya 24 walimaliza, wawili walihamia Tanga na wazazi wao. Wote 22 wanaelea dakika tano na zaidi, 17 wanaogelea mita hamsini, na tisa wanaweza kugeuza tanga la ngalawa bila kusaidiwa. Hayo ndiyo tuliyopeleka kwenye ripoti ya mwisho, pamoja na karatasi moja ambayo hawakuiomba: orodha ya zile siku 41, kila siku na somo lililofundishwa, na dole gumba la Nahodha chini yake.

Afisa miradi alipiga simu baada ya kuisoma. Alisema ameipeleka juu, na kwamba dirisha jingine linafunguliwa Agosti. Tumeshaandika maombi mapya. Mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya kamba na kabla ya majaketi, ni mkufunzi wa bahari, siku 60 kwa shilingi 15,000, na kwenye nafasi ya sifa tumeandika miaka aliyokaa baharini.